Tahariri: Skuli Isiyomwachia Mtoto Aamue Haijamaliza Kazi Yake

Mwaka mpya wa masomo umeanza, na skuli za mkoa wa Maskati, kutoka Seeb hadi Quriyat, zinawaita wazazi kuunda mabaraza yao. Yatakayotokea tunayajua. Mwaliko utafika kwenye simu, mzazi ataujibu kwa alama ya dole gumba, na siku ya mkutano atakuwa na udhuru. Wachache watakaohudhuria watachaguana mbiombio ili wawahi kurudi makwao, na uenyekiti atabebeshwa yule aliyekataa kwa sauti ndogo kuliko wenzake. Baada ya hapo baraza litakutana kugawa vyeti na kupiga picha. Ama wanafunzi, ambao skuli ni yao, hawatakuwa wameulizwa neno.

Desturi hii haistahili kuendelea kuvumiliwa. Tunashikilia kwamba kila skuli ya Maskati ina wajibu wa kuwaachia wanafunzi wake, wakishirikiana na wazazi na majirani, angalau mradi mmoja kwa mwaka ambao wao wenyewe wataujadili, wataupigia kura, watazisimamia fedha zake na kutoa hesabu yake hadharani. Uwe mradi wenye fedha za kweli, ambao ukifanikiwa utaonekana na ukiharibika utaonekana pia. Na tunashikilia kwamba Waomani wanaozungumza Kiswahili, kwa yale yaliyowapitia, wana wajibu mzito zaidi katika jambo hili kuliko wengi wa majirani zao.

Mwaka 1970 nchi hii ilikuwa na skuli rasmi tatu tu, na ndani yake wavulana 909. Msichana hakuwa na dawati. Leo skuli za serikali zimepindukia 1,200, wasichana na wavulana wamejaa humo, na Mfumo wa Msingi wa Dola wa mwaka 2021 umeifanya elimu ya msingi kuwa lazima. Katika safari hiyo wametajwa sana, na kwa haki, wale waliorudi kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki miaka ya sabini. Walikuja na vyeti, lugha za kigeni na uzoefu wa ofisi na madarasa, wakashika chaki, wakashika hospitali, wakashika mitambo. Walijua kwamba wizara peke yake haitoshi kuendesha skuli. Sisi wana wao na wajukuu wao tumeikuta nyumba imekwisha kuezekwa, tukazoea kupokea. Skuli kwetu imekuwa kama umeme: hatuikumbuki mpaka ikatike.

Matokeo yake yanaonekana mbali na darasa. Raia wa Oman anapata haki ya kupiga kura akitimiza miaka 21, na tangu mwaka 2003 haki hiyo ni ya kila raia wa umri huo, mwanamume na mwanamke. Tarehe 29 Oktoba 2023 wananchi walichagua wajumbe 90 wa Majlis ya Shura kwa programu ya simu iitwayo Antakhib, na zaidi ya asilimia 65 ya waliojiandikisha walipiga kura. Lakini mwezi Desemba mwaka 2022, walipochaguliwa wajumbe wa mabaraza ya manispaa, wale wanaohusika na huduma za mitaani kwetu, waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Kadiri jambo linavyokaribia mlango wa nyumba, ndivyo tunavyolipa mgongo. Na katika viti vile 90 vya Shura hakuna hata kimoja kilichokwenda kwa mwanamke, ingawa wagombea wanawake walikuwepo.

Mpiga kura wa miaka 21 hakuanguka kutoka mbinguni. Amekaa skuli miaka 12. Katika miaka hiyo amefundishwa kupanga mstari asubuhi, kusimama kwa wimbo wa taifa, kuhifadhi, kujibu mtihani. Haya yote tunayaunga mkono. Lakini ni lini alikaa na wenzake thelathini wenye mawazo thelathini, akatakiwa atoke na uamuzi mmoja? Ni lini alisimama kumtetea msichana mwenzake kwamba anafaa kuongoza kamati? Ni lini wazo lake lilishindwa kwa kura, na kesho yake akashika jembe kuutumikia mradi wa aliyemshinda? Asiyewahi kuyafanya haya akiwa na miaka 12 atayafanyia wapi akiwa na miaka 21, peke yake chumbani na simu mkononi? Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Tunawajua wazee watakaotikisa kichwa hapa, na tunawaheshimu. Bibi na babu zetu wengi waliyaona Zanzibar yale yaliyoitwa zama za siasa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Ndani ya miaka michache majirani waliacha kuzikana, maduka yakasusiwa kwa sababu ya chama cha mwenyewe, na ndoa zikaingia nyufa. Katika machafuko ya Juni 1961 waliuawa watu 68, wengi wao Wamanga, yaani Waarabu wenye asili ya Oman, jamaa za watu tunaokaa nao leo Maskati. Halafu yakaja mapinduzi ya Januari 1964, ambayo hayahitaji kusimuliwa kwa wasomaji wetu. Mzee aliyepitia hayo akisikia mjukuu wake wa darasa la sita anataka kura, ana haki ya kushituka. Nyumba nyingi zimechukua kwa wazee hao fundisho moja: kura ni fitina, mwepushe mtoto.

Fundisho hilo halikukamilika. Hatusemi kura ndiyo iliyoiangamiza nchi ile. Mambo mengi yalirundikana, ya ardhi, ya ukabila, ya ukoloni uliogawa watu kwa daftari. Lakini mojawapo ni hili: watu wazima walipewa kura kwa mara ya kwanza, juu ya jambo kubwa kuliko yote, yaani nani atawale, bila kuwahi kuzoezwa kushindwa katika jambo dogo. Kila upande uliingia ukiamini kwamba kushindwa ni kufutwa. Mtu aliyejifunza utotoni kwamba wazo lake linaweza kukataliwa na yeye akabaki na heshima yake, kiti chake na rafiki zake, huyo ni mgumu kuchochewa. Kwa hiyo kumbukumbu ya Zanzibar, ikisomwa vizuri, inatuagiza tumzoeze mtoto mapema. Wenye kovu ndio wanaopasa kuwa wa kwanza kumfundisha mtoto kushindwa kwa staha na kushinda bila kejeli.

Wengine watasema mambo haya ni ya kigeni. Waende Nizwa au Izki wakautazame falaj, mfereji wetu wa kale wa maji. Oman ina aflaj zipatazo 3,000 zinazotumika hadi leo, na tano kati yake ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yale hayakugawiwa na serikali yoyote kwa karne nyingi. Wenye hisa walikubaliana wakili wa kuusimamia mfereji na arifu wa kugawa zamu. Maji ya falaj yenyewe yakanadiwa ili fedha zipatikane za kuukarabati. Hesabu ikaandikwa katika daftari. Na palipowekwa wakfu, sehemu ya maji ikamlisha mwalimu wa Kurani. Mnyonge akiwa na hisa ndogo hakunyimwa zamu yake, na shekhe akiwa na hisa kubwa hakuruhusiwa kuchukua ya mwenzake. Watu waliojiendesha hivyo jangwani hawawezi kuambiwa kwamba kushauriana, kugawana na kutoa hesabu ni mambo waliyoletewa na meli.

Wala mfano wa karibu haukosekani hapa mjini. Skuli ya Kihindi ya Maskati, iliyoanzishwa mwaka 1975 na ambayo leo ipo Darsait, ina desturi ya wazazi kupiga kura kuchagua baadhi ya wajumbe wa bodi inayosimamia skuli za Kihindi nchini. Wagombea hujinadi, wazazi huwauliza juu ya ada na walimu, kisha hupanga foleni. Hawa ni wageni wasio na kura ya Shura, ambao kesho mkataba ukiisha watafunga virago. Bado wanaona kwamba skuli ya watoto wao inastahili asubuhi yao moja. Mzazi raia, mwenye nchi, ambaye mlango wa baraza la skuli uko wazi kwake, anatoa udhuru gani? Pungufu la mfano huo ni kwamba kura ni ya wazazi peke yao, mtoto hayumo. Tuuchukue ulipo mzuri, na pungufu hilo tulijaze sisi.

Sasa tuseme mradi tunaoutaka ni wa namna gani, maana neno ushiriki limekwisha kuchoka kwa kutumiwa katika hotuba. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024 mvua kubwa ilishusha wadi huko Samad al-Shan, wilaya ya Mudhaibi. Maji yalilichukua gari lenye wanafunzi, na watoto wakafa. Nchi nzima ililia. Hatuyataji maafa hayo ili kumhukumu mtu. Hukumu ina wenyewe. Tunayataja kwa sababu mtoto anayevuka wadi kila siku anajua maji yanapoanzia kupita, jiwe gani huzama kwanza, na dereva gani hupenda kujaribu bahati. Mama yake anajua pia. Elimu hiyo imo vichwani mwao na haijaandikwa popote. Skuli ya Amerat iliyo karibu na Wadi Adai, au ya Quriyat, mji ulioonja kimbunga Gonu Juni 2007, ingeweza muhula huu huu kuwaachia wanafunzi kazi ya kuchora ramani ya njia zote za mabasi yao, wakiwa na wazazi, madereva na watu wa Ulinzi wa Raia. Kujadili ni alama ipi ikifikiwa na maji basi lisivuke. Kulipigia kura pendekezo hilo na kuliwasilisha kwa mwalimu mkuu na baraza la wazazi. Huo ni mradi wa kidemokrasia. Hauhitaji jukwaa wala zulia jekundu, na unaweza kuokoa roho.

Si kila mradi utakuwa na uzito huo, wala haitakiwi. Kivuli cha uwanja ambao mwezi wa tano huwaka kama tanuri, chakula kinachouzwa kantini, vitabu vinavyonunuliwa kwa maktaba, miti ipandwe ukutani au katikati: yote hayo yanatosha. Ureno ilianza mwaka 2017 kuwapa wanafunzi wa skuli za serikali bajeti yao. Kiasi chake ni yuro moja kwa kila mwanafunzi, na skuli ndogo haipati chini ya yuro 500. Mwanafunzi mwenye wazo hukusanya saini za wenzake, hulitetea, kisha wote hupiga kura mwezi Machi, na skuli hulazimika kulitekeleza lililoshinda. Fedha ni ndogo, lakini uamuzi ni kamili, na hilo ndilo linalomkomaza mtoto. Skuli ya Maskati yenye wanafunzi 800 ikitenga riyali moja kwa kila mmoja, itakuwa na riyali 800 ambazo hakuna mtu mzima aliyeamua zitumikeje. Tunadiriki kusema riyali hizo zitafundisha zaidi kuliko sura nzima ya kitabu cha uraia.

Afrika Mashariki nayo imetuachia mafunzo, mazuri na machungu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi wa skuli yenye shamba washiriki kuamua mapato ya shamba hilo yatumike vipi. Skuli nyingi zilichukua nusu ya agizo. Jembe wakapewa wanafunzi, uamuzi ukabaki ofisini, na kazi ikageuka adhabu. Nchini Kenya viranja waliteuliwa na walimu kwa miongo mingi, wakapewa madaraka juu ya wenzao bila kuchaguliwa nao. Mwaka 1999, Nyeri High School, viranja wanne walichomwa moto usiku na wanafunzi wenzao hadi kufa. Ni unyama usio na udhuru. Lakini wenye akili walijiuliza mamlaka ile ilikuwa imejengwa juu ya nini. Baadaye, mwaka 2009, mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa yalianzishwa kitaifa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa wanafunzi nafasi katika bodi ya skuli. Anayemkabidhi mtoto fimbo bila kumkabidhi kura, au jembe bila hesabu, anapanda chuki.

Kuna wanaohofia adabu. Wanasema mtoto akizoea kuulizwa atazoea kubisha, na kwamba penye wazee haliharibiki neno. Tunasema adabu haipimwi kwa ukimya. Mtoto anayejifunza kuomba nafasi ya kusema, kungoja zamu, kumjibu mwenzake bila kumtusi na kukubali hukumu ya wengi, amefunzwa adabu ngumu kuliko ile ya kuinamisha macho. Na mzee haondoki barazani. Anakaa, anaulizwa, anatoa hekima yake, kisha anawaachia wenye skuli waamue lililo la kwao. Mtaala, mitihani na nidhamu ya walimu havipigiwi kura na watoto, na hatukuomba hivyo. Mipaka iandikwe wazi tangu siku ya kwanza, maana hakuna kinachomvunja mtoto moyo kama kuambiwa amua, kisha kunyang'anywa uamuzi.

Wengine wanahofia mzigo wa walimu. Hofu hii ni ya kweli. Mwalimu mwenye madarasa makubwa na makaratasi yasiyokwisha hawezi kuongezewa kazi ya jioni kwa pongezi tupu. Kwa hiyo mradi huu uingizwe ndani ya saa za shughuli za skuli, upangiwe mwalimu aliyepunguziwa vipindi, na mzigo wa kufuatilia mafundi na risiti ubebwe na wazazi. Mkono mmoja haulei mwana.

Na kwa anayedhani kumsikiliza mtoto ni hisani ya mwalimu mkuu, tunamkumbusha sheria. Oman ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1996, ambao kifungu chake cha 12 kinamtaka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Sheria ya Mtoto, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 22 ya mwaka 2014, nayo inatambua haki ya mtoto kutoa maoni yake. Haki iliyoandikwa bila mahali pa kuitumia inabaki wino.

Basi kila mmoja ajue linalompasa. Wizara ya Elimu iweke katika kanuni za skuli bajeti ndogo ya wanafunzi, na iitake kila skuli itangaze mwisho wa mwaka ni mradi gani ulichaguliwa, kwa kura ngapi, na fedha zilikwendaje. Mwalimu mkuu aache kuwateua watoto wa safu ya mbele, wale wenye alama nzuri na wazazi wanaojulikana, kuwa wawakilishi wa wote. Kura iwe ya siri, na mtoto wa mwisho darasani apige kura sawa na wa kwanza. Wasichana wapewe nafasi ya kugombea na kuongoza tangu madarasa ya chini, ili mwaka wa uchaguzi ujao tusirudie kushangaa viti 90 visivyo na mwanamke. Baraza la wazazi litenge viti kwa wanafunzi, likutane jioni ambayo mfanyakazi anaweza kuhudhuria, na liweke daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulifungua.

Wazazi wetu wanaozungumza Kiswahili, wa Mawaleh, wa Hail, wa Khoud, wa Khuwair na kwingineko, tunawaambia waziwazi. Ninyi ni wepesi wa kujaa penye harusi na hitima, na jambo hilo ni la kusifiwa. Mnajua kuchangishana, kugawana kazi na kumpata mtu wa kila jambo ndani ya usiku mmoja. Ujuzi huo huo unahitajika skuli. Malalamiko yanayofurika kwenye vikundi vya wasapu usiku wa manane juu ya basi, kantini na mwalimu wa hisabati hayajawahi kuezeka kivuli. Mama mwenye la kusema aende akaliseme mkutanoni, mbele ya wenzake na mbele ya watoto, likubaliwe au likataliwe. Baba asimwachie mama peke yake kwa kisingizio cha kazi. Shangazi na ami wenye taaluma, mhandisi, mhasibu, mkulima wa bustani, wajitolee siku moja kwa muhula.

Na ninyi wanafunzi, wajibu hauwaruki. Mkipewa kura mkaifanya dhihaka, mkamchagua mchekeshaji ili mcheke, au mkaacha kazi kwa wachache baada ya kushangilia ushindi, mtakuwa mmewapa sababu wale wasiotaka kuwaamini. Fedha mtakazokabidhiwa ni amana. Mtaulizwa hesabu yake, na ni lazima muulizwe.

Tunaziomba skuli za mkoa huu zitangaze, kabla muhula wa kwanza haujamalizika, ni uamuzi upi zimewaachia wanafunzi wao na ni kiasi gani cha fedha kimeambatana nao. Tutayachapisha majibu ya kila skuli itakayojibu, na tutazitaja kwa jina skuli ambazo watoto wake waliamua jambo, wakalisimamia, wakalimaliza. Skuli itakayokosa jibu ieleze kwa wazazi wake sababu.